Jinsi mwanafunzi wa sayansi anavyoweza kupata nafasi ya utafiti likizoni

MWANAFUNZI wa shahada ya kwanza ya sayansi anaweza kuhitimu bila kushiriki katika utafiti wa kweli hata siku moja. Hukamilisha mafunzo ya nyanjani akipanga faili au kuosha vyombo vya maabara, daftari lake likatiwa saini, na mambo yakaishia hapo. Hasara huonekana baadaye, anapoomba nafasi ya uzamili na kutakiwa kutaja mtafiti anayeifahamu kazi yake.

Likizo ndefu ndiyo fursa ya kuziba pengo hilo. Ng'ambo huitwa likizo ya kiangazi, jina lisilotufaa sana kwa kuwa Juni hadi Agosti huwa miezi ya baridi katika sehemu nyingi za nchi yetu. Kalenda za vyuo vyetu pia hutofautiana. Basi mwanafunzi na ajue kwanza likizo yake inaanza lini, kisha ahesabu miezi minne au mitano kurudi nyuma. Hapo ndipo aanze kuomba.

Taasisi zipo, na nyingi haziko mbali. Anayesomea wadudu au kilimo anaweza kuielekea icipe, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Makao yake makuu yako Kasarani, Nairobi, na ina kituo kingine Mbita kando ya Ziwa Victoria. Huko Mbita ndiko watafiti walikoendeleza mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni ili kuwazuia viwavi wanaotoboa mabua. ILRI, iliyoko Kabete, huchunguza magonjwa ya mifugo. Mradi wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi umejikita katika malaria, chanjo na afya ya watoto. Kwa viumbe wa baharini kuna KMFRI mjini Mombasa, kwa misitu KEFRI huko Muguga, na kwa wanyamapori kituo cha Mpala katika kaunti ya Laikipia. Atakayesikia mhadhiri wa zamani akitaja KARI ajue kwamba sasa ni KALRO, shirika lililoundwa chini ya sheria ya 2013 kwa kuunganisha KARI na taasisi za utafiti wa kahawa, chai na sukari. Makavazi ya Kitaifa nayo husahaulika mno, ilhali huko Nairobi yana hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ambayo daima huhitaji mikono ya kuipanga na kuitambua.

Hata hivyo, kosa la wengi ni kuiandikia taasisi badala ya kumwandikia mtafiti. Barua isemayo "natafuta nafasi yoyote" haimhusu mtu yeyote, na kwa hivyo haijibiwi. Afadhali mwanafunzi asome makala mbili au tatu za mtafiti mmoja, kisha amwandikie barua pepe isiyozidi nusu ukurasa. Aseme ni swali gani katika kazi hiyo lililomvutia, amesoma nini, anaweza kufanya nini (kwa mfano kuchanganua takwimu kwa kompyuta), na atapatikana kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Aambatishe wasifukazi na matokeo yake ya mitihani. Asipojibiwa kwa wiki mbili, akumbushe mara moja kwa adabu, kisha amwendee mwingine.

Kabla ya yote hayo, abishe mlango wa mhadhiri wake. Wahadhiri wenye ufadhili wa utafiti mara nyingi huhitaji msaidizi wa kuhesabu sampuli au kuingiza takwimu, na hawatangazi popote. Isitoshe, mhadhiri aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi ndiye atakayemfungulia njia Kilifi au Kasarani.

Kuhusu ng'ambo, tahadhari inahitajika. Mpango maarufu wa REU nchini Marekani, unaofadhiliwa na shirika la sayansi la NSF, ni wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Kinyume chake, CERN, karibu na Geneva, hupokea wanafunzi wa fizikia, uhandisi na kompyuta hata kutoka mataifa yasiyo wanachama, na huwapa posho. Maombi hufungwa kwa kawaida mwezi wa Januari.

Taasisi nyingi za humu nchini hutaka barua ya utambulisho kutoka chuoni na bima ya ajali. Baadhi hutoza ada, na nyingi hazilipi chochote. Miezi mitatu ya kodi na chakula mbali na nyumbani si mzigo mdogo, hivyo mwenye shangazi au mjomba Mombasa ana sababu nzuri ya kuanzia KMFRI. Atakayeambiwa atume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi ili "ahifadhiwe nafasi" asitume. Ada halali hulipwa kwenye akaunti ya taasisi, na risiti hutolewa.