KOSA LA KUHESABU SIKU
Habari za kufunga choo kwa watoto wachanga, zamani na sasa



Leo nataka kuwaelezeni jambo ambalo watu huona haya kulitaja mbele ya wageni, walakini hakuna nyumba yenye mtoto mchanga isiyolizungumza usiku: nalo ni kufunga choo. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na kazi yangu ni kufundisha historia. Nimelichagua jambo hili kwa sababu nalo lina historia yake, na kwa kutoijua historia hiyo nilikaribia kumpoteza mtoto wangu wa kwanza.

Ilikuwa hivi. Mtoto alikuwa na umri wa miezi miwili, ananyonya vizuri, anacheka, ananenepa. Kisha akakaa siku tano bila kupata choo. Mimi, mtu niliyesoma, nilikuwa nikiziandika siku hizo kwenye karatasi. Mama yangu, ambaye hakusoma ila amelea watoto saba mlimani Meru, aliniuliza neno moja tu: “Choo chake cha mwisho kilikuwaje, kigumu au laini?” Nikamjibu kwamba kilikuwa laini. Akasema, “Basi, mwache.” Sikumsikia. Nilichukua mafuta ya mbarika, nikampa mtoto kijiko kidogo. Usiku ule aliharisha hata alfajiri. Kulipopambazuka macho yake yalikuwa yamezama na utosi umebonyea. Tukambeba mbio hospitalini. Mungu alimhifadhi, akapona. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: desturi hii ya kuhesabu siku, kisha kuufungua tumbo kwa nguvu, ilitoka wapi?

Tuanze na saa ile ya kwanza mtoto anapozaliwa. Tumboni mwake mna choo cheusi chenye kunata kama lami, ambacho hana budi kukitoa katika siku zake za kwanza. Je, nani atamsaidia? Watu wa nchi nyingi walidhani kwamba yafaa kumlambisha kitu cha mafuta. Miongoni mwa Wamasai desturi ya kumpa mtoto mchanga siagi au samli imejulikana sana, nao Waarusha wa chini ya Mlima Meru ni jamaa zao, wasemao Kimaa. Asije mtu akacheka akidhani kwamba hii ni desturi ya Afrika peke yake. Huko Uingereza, mwaka 1748, daktari mmoja, jina lake William Cadogan, aliandika kitabu kidogo cha malezi kwa ajili ya nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Humo aliwalaumu wakunga wa Kiingereza kwa desturi yao ya kumtia mtoto siagi na sukari kinywani mara tu anapozaliwa. Akafundisha kwamba maziwa ya kwanza ya mama ndiyo dawa iliyotayarishwa kwa kazi hiyo, nayo hulisafisha tumbo la mtoto pasipo madhara.

Maziwa hayo ya kwanza, mazito na ya njano, sisi huyaita dang'a. Ajabu ni kwamba kila mfugaji huyajua. Hakuna mchungaji hodari amnyimaye ndama dang'a, kwa kuwa ajua kwamba ndama asiyeyanyonya hudhoofika. Walakini nyumba nyingi, Ulaya na Afrika, ziliyakamua maziwa hayo na kuyamwaga chini yalipokuwa ya binadamu, zikidhani kwamba yameoza. Ndama alipata haki yake; mtoto wa mtu alinyimwa.

Sasa tuje katika zama za karibu zaidi. Wamisionari wa kwanza wa Leipzig waliofika Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa mwaka 1896. Wenzao walirudi wakajenga Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Katikati ya mambo hayo, Wajerumani walikuwa wamekwisha jenga boma lao Arusha, mwaka 1900. Hivyo shule na dawa za kigeni zikaingia katika migomba ya Meru kwa mlango mmoja. Zilileta mema mengi, wala mimi niliyelelewa na shule za misioni siwezi kuyakana. Lakini pamoja na mema hayo ulimwengu wa Ulaya ulikuwa na imani moja juu ya tumbo: kwamba choo kikikaa ndani huutia mwili sumu, na kwa hiyo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hana budi kwenda haja kila siku kwa saa yake.

Mtu mmoja aliyeieneza sana habari ya saa katika malezi ni daktari Frederic Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama cha kuwahudumia mama na watoto mwaka 1907. Alifundisha kwamba mtoto anyonyeshwe kwa saa zilizopangwa, na choo chake pia kiwe cha saa. Chama chake kilifanya kazi njema ya usafi, na mafundisho yake yalienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza. Sisi walimu nasi tulipokea neno la “choo kila siku” katika masomo ya afya, tukawafundisha watoto wa shule. Nao walipokuwa wazazi wakalipeleka kitandani pa mtoto mchanga, mahali ambapo halifai kabisa.

Na dawa zilizofuata imani hiyo zilikuwa kali. Mbali na mafuta ya mbarika, kule Uingereza, Marekani na Australia palikuwa na unga wa kuwapa watoto waotao meno na wenye tumbo gumu. Unga huo ulitiwa kalomeli, nayo ni dawa ya kuharisha itokanayo na zebaki. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi hizo waliona ugonjwa wa ajabu: mikono na miguu ya watoto huwa myekundu na kubambuka ngozi, mtoto hulia usiku na mchana, hakubali kula, na wengine hufa. Hawakujua sababu yake. Hata mwaka 1948, Josef Warkany wa Cincinnati na mwenzake walitangaza kwamba wameikuta zebaki katika mkojo wa watoto hao. Mwaka 1954 watengenezaji wakubwa wa Uingereza waliiacha kalomeli katika unga ule, na ugonjwa ukapungua hata ukakaribia kutoweka. Fikirini, wasikilizaji: wazazi wale waliwapenda watoto wao kama tuwapendavyo sisi, na kwa mikono yao wenyewe waliwapa sumu ili kuondoa shida ambayo mara nyingi haikuwapo.

Lakini iko shida ya kweli, nayo ilikuja kwa wingi pamoja na mkebe. Reli ilipofika mji wa Arusha mwaka 1929, bidhaa zilizotoka pwani zilizidi kufika kwa wepesi, na mtu aliyeuza kahawa yake aliweza kununua dukani vitu ambavyo baba yake hakuvijua. Maziwa ya mkebe yalikuwa miongoni mwa vitu vya fahari vya zama zile mpya. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya watu wakubwa akasema waziwazi kwamba kuwashawishi mama waache kunyonyesha na kuwapa watoto maziwa matamu ya mkebe ni sawa na kuwaua. Miaka mingi ilipita kabla ya ulimwengu kumsikiliza. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilikubali kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo, na Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Kwa nini mkebe hufunga choo? Maziwa ya ng'ombe, yawe mabichi au ya unga, huganda tumboni kwa mabonge magumu kuliko maziwa ya mama. Tena mtu akizidisha unga na kupunguza maji, akidhani kwamba atampa mtoto nguvu, mwili huyafyonza maji machache yaliyomo, na choo hubaki kikavu kama kinyesi cha mbuzi. Kadhalika uji mzito apewao mtoto wa miezi mitatu. Lakini maziwa ya mama hutumika mwilini karibu yote, hata mabaki yake ni haba. Ndiyo sababu mtoto anyonyaye tu, akisha kupita majuma sita, aweza kukaa siku kadhaa, pengine juma zima, bila choo; na kijapo huwa laini. Huyo hakufunga choo. Hana cha kutoa.

Basi, kufunga choo hakujulikani kwa kuhesabu siku. Kunajulikana kwa namna ya choo chenyewe: kiwe kigumu, kikavu, vidonge vidonge, kimtie mtoto maumivu, pengine na michirizi ya damu. Mtoto akijikaza hata uso ukawa mwekundu, akalia kidogo, kisha choo kikatoka laini, huyo anajifunza tu kukaza tumbo na kulegeza njia kwa wakati mmoja. Ni somo, si ugonjwa, na atalihitimu mwenyewe.

Ukiona kwamba kweli choo ni kigumu, fanya hivi. Kama ananyonya, zidi kumnyonyesha. Kama anapewa maziwa ya mkebe, pima unga na maji kama yalivyoandikwa, usizidishe wala usipunguze. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu. Umlaze chali, umkunje miguu taratibu kama mtu apandaye baiskeli. Umpapase tumbo kwa kiganja, ukizunguka kama mshale wa saa uendavyo. Akipita miezi sita na kuanza kula, mpe maji safi, papai bivu, parachichi, embe na mboga za majani zilizopondwa. Matunda hayo twayapata kwetu Meru kwa wingi.

Na haya usifanye. Usimpe mafuta ya mbarika wala dawa ya kuharisha. Usimtie kipande cha sabuni, wala kijiti, wala kidole. Usimpe asali kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa imejulikana kwamba asali yaweza kuwa na vijidudu viulegezavyo mwili wa mtoto mchanga hata pumzi ikamshinda. Wala usimpe maji kabla ya miezi sita ukitaka kumlainisha choo. Ndani ya maziwa ya mama mna maji ya kumtosha. Sisi wa Meru tuna sababu ya pili. Mito na chemchemi zetu nyingi, kama Maji ya Chai, zina madini ya floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa ulimwenguni, na ndiyo madini yatiayo meno yetu rangi ya kahawia. Kuyachemsha maji hakuyaondoi. Basi anayelazimika kutumia maziwa ya unga na atafute maji yaliyo salama.

Walakini nisije nikawalaza usingizi. Mwaka 1886, mjini Berlin, daktari Harald Hirschsprung wa Denmark aliwaeleza wenzake habari za watoto wawili wa kiume waliokufa kwa kufunga choo tangu kuzaliwa, na utumbo wao ulikuwa umevimba vibaya. Baadaye ilijulikana kwamba mtoto wa namna hiyo huzaliwa pasipo vishipa vya fahamu katika sehemu ya mwisho ya utumbo, na kwa hiyo sehemu ile haisukumi. Mwaka 1948 Orvar Swenson wa Boston alionyesha namna ya kuikata sehemu hiyo na kuuunga utumbo, na watoto wakapona. Dalili ya ugonjwa huu twaweza kuiona sote: mtoto hatoi choo cheusi cha kwanza katika siku mbili baada ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mwenye mtoto wa namna hiyo asingoje. Na asingoje pia ambaye mtoto wake anatapika rangi ya kijani, au tumbo limevimba na kukaza, au ana homa, au anakataa kunyonya, au choo kina damu. Vilevile, katika mwezi wa kwanza, mtoto mwenye choo haba, mkojo haba, na asiyeongezeka uzito, huenda hashibi maziwa, apelekwe akapimwe. Zahanati itatazama, na panapo haja itampeleka hospitali ya mkoa pale Arusha, au KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Mtoto wangu yule sasa ni mkubwa, ananishinda kwa urefu. Mama yangu hakunilaumu siku ile. Alikaa tu kando ya kitanda cha hospitali, akamshika mjukuu wake mguu. Mimi nilikuwa na karatasi yenye tarehe tano. Yeye alikuwa na swali moja, na swali lake ndilo wanalouliza madaktari wa leo. Nawaachieni swali hilo. Msiulize, “Siku ngapi?” Ulizeni, “Choo kilikuwaje?”

Kwaherini.