Liwashwe au Lihifadhiwe? Majiko ya Mkaa ya Marekani Yaliyogeuka Kumbukumbu

Majiko ya mkaa yaliyotengenezwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya kuchomea nyama uani yamefikia umri ambao chombo cha kazi huanza kutazamwa kama kumbukumbu, na wakusanyaji wanaoyatafuta katika mauzo ya vitu vya majumbani na kwa wauza vyuma chakavu hujikuta mbele ya swali ambalo watengenezaji wake hawakuwahi kulifikiria: je, jiko lililovuka miaka 60 litiwe mkaa na kuwashwa kama lilivyokusudiwa, au lisafishwe, lifunikwe na kutunzwa lisiguswe tena na moto? Majibu ya haraka, ya upande wowote ule, mara nyingi hupotoka kwa sababu hufuata mapenzi ya mwenye jiko na kuliacha jiko lenyewe: limetengenezwa kwa madini gani, limebakiwa na sehemu zipi za asili, na moto utafuta kitu gani ndani yake ambacho hakitarudi.

Historia ya majiko hayo inaanzia kwenye mkaa. Mwaka 1897 Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya vipande vya mkaa uliosagwa na kushindiliwa, lakini bidhaa hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1920 pale Henry Ford, ambaye magari yake yalitumia mbao nyingi, alipojenga kiwanda karibu na mji wa Iron Mountain, jimbo la Michigan, ili mabaki ya mbao yasitupwe bali yageuzwe mkaa wa kuuza. Aliyemsaidia Ford kupata misitu na eneo la kiwanda alikuwa Edward G. Kingsford, mume wa binamu yake, na biashara hiyo ilipouzwa mwaka 1951 ilichukua jina la Kingsford, ambalo bado linasomeka kwenye mifuko ya mkaa madukani. Wakati huohuo wanajeshi waliorudi kutoka vitani, wakisaidiwa na sheria ya mwaka 1944 iliyowawezesha kupata mikopo ya nyumba, walihamia kwa wingi katika vitongoji vipya nje ya miji, kwenye nyumba zenye ua wa nyasi nyuma yake. Mkaa wa bei nafuu ulikuwepo na mahali pa kuuwasha palikuwepo, lakini chombo kilichotumika kilikuwa bado duni: sinia pana la bati juu ya miguu mitatu, lisilo na kifuniko, ambalo upepo ulilipeperushia majivu na mvua ililizima.

Aliyebadilisha hali hiyo ni George Stephen, mfanyakazi wa Weber Brothers Metal Works, karakana ya chuma ya Chicago ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutengeneza maboya, yaani vyombo vya chuma vinavyoelea kuonyesha njia za meli. Mwaka 1952 Stephen alilikata boya katikati, akaufanya upande mmoja kuwa bakuli la moto na upande wa pili kuwa kifuniko, akaweka miguu chini na kishikio juu. Inasimuliwa kwamba moto wa jaribio la kwanza ulifia ndani kwa kukosa hewa, hadi jirani mmoja alipopendekeza kifuniko kitobolewe matundu. Jiko hilo liliuzwa kwa karibu dola 50, bei iliyokuwa kubwa mno kwa kulinganisha na masinia ya bati, na baada ya Wasovieti kurusha setilaiti yao ya kwanza mwaka 1957 watu walilipachika jina la Sputnik kwa umbo lake la tufe lenye miguu. Biashara ya majiko ilikua hadi Stephen akaitenga na karakana ile na kuiendesha kama kampuni inayojitegemea, Weber-Stephen, iliyojikita Palatine, jimbo la Illinois.

Siri ya jiko la duara iko katika utawala wa hewa. Hewa huingia kwa matundu ya chini, hupita kwenye mkaa, hupanda na joto, hugonga kuba la kifuniko na kurudi juu ya nyama kabla ya kutokea tundu la juu. Kwa hiyo mpishi anayeyafungua au kuyabana matundu hayo huamua moto uwake kwa nguvu kiasi gani, na mafuta yanayodondokea mkaa hayalipuki kuwa miali mirefu kwa kuwa oksijeni ni chache. Jiko la kale ambalo vibati vyake vya kufungia matundu vimeshikana kwa kutu limepoteza uwezo huo hata kama rangi yake inang'aa, na mnunuzi mwenye busara huvigusa vibati hivyo kabla ya kusifia rangi.

Stephen hakuwa peke yake. Jiko la Hasty-Bake lilianza kutengenezwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1948, likiwa na sanduku la mkaa linaloweza kupandishwa na kushushwa ili kusogeza moto karibu na nyama au kuuweka mbali. Jiko lililoitwa Portable Kitchen, linalojulikana zaidi kwa herufi PK, lilisubiwa kwa alumini nzito likiwa na matundu mawili chini na mawili juu. Kutoka Japani wanajeshi wa Marekani walirudi na majiko ya udongo yenye umbo la yai, yaliyotokana na chombo cha kupikia wali na ambayo Wamarekani huyaita kamado. Biashara yake ilishika mizizi Atlanta mwaka 1974, Ed Fisher alipoanzisha Big Green Egg. Chuma chenye enameli, alumini ya kusubu na udongo uliochomwa havizeeki kwa namna moja, na hapo ndipo uamuzi wa kuwasha au kuhifadhi unapopaswa kuanzia.

Msingi wa kinadharia wa mjadala huu uliwekwa zamani kabla ya majiko hayo kuwepo. Mwaka 1903 Alois Riegl, mwanahistoria wa sanaa wa Vienna aliyehusika na ulinzi wa majengo ya kale nchini Austria, alieleza kwamba kitu cha kale hubeba thamani za aina mbalimbali zinazoweza kugongana: thamani ya umri, inayotaka alama za miaka zionekane bila kufutwa, thamani ya kihistoria, inayotaka uharibifu usimamishwe ili kitu kibaki ushahidi wa wakati wake, na thamani ya matumizi, inayotaka kitu kiendelee kufanya kazi yake hata kama lazima kikarabatiwe. Riegl alikuwa akifikiria makanisa na majumba, lakini maneno yake yanayakaa majiko vizuri kabisa, kwa kuwa mkusanyaji anayepaka rangi mpya jiko lililochubuka hutumikia thamani moja huku akiiua nyingine, na ni heri ajue anachokitenda kuliko kudhani kwamba anaokoa kila kitu.

Ganda la nje la jiko la Weber ni enameli, yaani unga wa kioo unaopakwa juu ya bamba la chuma na kuchomwa tanuruni kwa joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi mpaka uyeyuke na kushikamana na chuma. Ni ganda lilelile la vikombe na mabakuli ya enameli yaliyojaa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na yeyote aliyewahi kuangusha kikombe cha namna hiyo sakafuni anakijua kidonda kinachobaki: kipande cha kioo kinaruka, chuma cheusi kinajitokeza, na baada ya muda kutu hutambaa kutoka ukingo wa kidonda kwenda chini ya ganda lililobaki. Joto la kawaida la mkaa haliidhuru enameli, kwa maana liko chini ya lile lililoizaa. Kinachoiumiza ni pigo, na pia mabadiliko ya ghafla, kwa mfano maji baridi yanapomwagikia kifuniko cha moto, kwa sababu kioo na chuma hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Kwa jiko la namna hii, basi, hoja kwamba kuwasha ni kuharibu ni dhaifu.

Adui aliye mkubwa kuliko moto ni majivu yaliyosahauliwa. Majivu ya kuni na mkaa yana chumvi za kialkali, yaani zenye asili ya magadi, nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakiachwa chini ya bakuli kwa miezi, hugeuka tope linalokula chuma palipochubuka na kula alumini hata pasipochubuka, na ndiyo maana sahani ya alumini ya kukingia majivu huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutoboka au kupotea. Jiko linalowashwa mara kwa mara hukaushwa na moto wenyewe, majivu yake humwagwa, na mafuta ya nyama huacha utando mweusi unaozuia unyevu. Utando huo ukizeeka hubanduka ndani ya kifuniko kwa magamba, ambayo wengi hudhani ni rangi inayochubuka, ingawa ni masizi na mafuta yaliyoungua tu na hutoka kwa brashi. Kinyume chake, jiko lililosukumwa ghalani likiwa na majivu ya msimu uliopita huozea huko huku mwenyewe akiamini kwamba analihifadhi, na aina hii ya uhifadhi imeangamiza majiko ambayo moto usingeyafanya lolote.

Alumini ya kusubu ya majiko ya PK haipati kutu ya chuma, na inapitisha joto vizuri, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi au chini kidogo kutegemea mchanganyiko wake, na mkaa unaopulizwa hewa nyingi huweza kulipita joto hilo. Kwa hiyo jiko hilo linafaa kutumiwa kwa moto wa kiasi, bila feni wala kipulizo. Uimara wa alumini hiyo dhidi ya kutu ndio uliolirudisha sokoni, kwa maana majiko ya zamani yaliyobaki mikononi mwa watu yaliendelea kupika vizuri baada ya utengenezaji kusimama, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 umbo lilelile likaanza kusubiwa upya. Uamsho wa namna hiyo usingewezekana kama majiko yote yaliyobaki yangekuwa mapambo, kwani hakuna ambaye angejua kwa ulimi wake kwamba muundo ule ulistahili kurudi.

Majiko ya udongo yana hukumu tofauti. Kamado za zamani zilifinyangwa kwa udongo wenye vinyweleo vinavyoshika maji, na moto mkali unapoyageuza maji hayo kuwa mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, ukuta hupasuka. Ufa ukishaingia hauzibiki kwa namna itakayostahimili moto tena. Kamado iliyoletwa kutoka Japani katika miaka iliyofuata vita, ikiwa bado nzima, haifai kuwashwa, na hapa hakuna haja ya kutafuta njia ya katikati. Hukumu hiyohiyo inayahusu majiko ya duara ya miaka ya mwanzo kabisa yanayobeba bado vishikio vya mbao, maandishi ya kiwandani na rangi ambayo haijaguswa, pamoja na majiko machache ambayo hayajawahi kutiwa mkaa, kwa kuwa moto wa jioni moja unatosha kuondoa hali ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Mwaka 2001 mpishi mashuhuri Julia Child alilitoa jiko lake zima la nyumbani, yaani chumba chote cha kupikia pamoja na vyombo vyake, kwa makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na tangu hapo hakuna anayekaanga kitunguu humo. Watu wengi hulitazama na kujifunza, na hiyo ni kazi nyingine ya halali kwa chombo cha kupikia.

Jiko la kawaida la duara lenye kipenyo cha inchi 22.5, ambalo limetengenezwa kwa wingi mno kwa miongo mingi, haliko katika kundi hilo la majiko yasiyofaa kuwashwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Weber iligonga herufi ya mwaka kwenye kibati cha tundu la juu, na mkusanyaji anaweza kuitumia kujua umri kabla ya kuamua. Akiamua kuliwasha, inafaa alipige picha kwanza, apime, aondoe vishikio vya asili na kuvifunga mahali pakavu, kisha aweke vingine na wavu mpya, kwa sababu badiliko linaloweza kurudishwa nyuma ni bora kuliko lisilorudishika. Rangi ya kupulizia juu ya enameli iliyochubuka haina faida yoyote, huficha ushahidi na kuungua. Enameli za zamani za rangi nyekundu na njano mara nyingi zilitiwa rangi kwa misombo ya kadimiamu, madini yenye sumu, hivyo jiko linalobanduka vipande karibu na chakula lisitumiwe, na ganda lake lisisuguliwe kwa msasa.

Katika Afrika Mashariki uzani umeelemea upande wa matumizi, na uhifadhi ndio unaosahauliwa. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam wametengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya mapipa yaliyochakaa, kama Stephen alivyoanza na boya, na jiko la kauri la Kenya lililoenea katika miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, lilipitia maumbo kadhaa kabla ya kutulia. Muundo wake ulichota kutoka jiko la ndoo la Thailand. Katika majaribio ya awali kauri iliyofunika ukuta wote wa ndani ilipasuka kwa joto, mpaka ikapatikana namna ya kubana kiuno cha bati na kuweka kauri nusu ya juu tu. Majiko hayo hutumiwa hadi bati linapotoboka na kauri inapovunjika, kisha huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na pamoja nayo huondoka alama za nyundo na mikato ya bati inayoonyesha jinsi kila fundi alivyolitatua tatizo la ufa. Jiko moja la awali lenye kauri iliyopasuka, likiwekwa makumbusho pamoja na jina la karakana lilikotoka, lingeeleza hatua hiyo kuliko mchoro wowote, na kwa kuwa kiwango cha thamani yake sokoni leo ni uzito wa bati lake tu, gharama ya kulipata bado ni ndogo.