Wito: neno la padre na la fundi

Neno la Kilatini vocatio, maana yake kuitwa, limetufikia kwa milango miwili. Kanisani limekuwa wito. Wakatoliki hupenda kulitumia kwa wingi, miito, wakikusudia upadre na utawa. Shuleni, kupitia neno la Kiingereza vocational, limekuwa ufundi stadi: uashi, useremala, umeme, ushonaji. Tanzania ilipoiunda VETA kwa sheria ya mwaka 1994, jina la Kiswahili likawa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Jina hilo halina kosa, maana fundi aliyefuzu ni stadi kweli. Ila katika mgawanyo huo padre ameondoka na kuitwa, na fundi amebaki na ustadi wake tu.

Kwa msomi wa istilahi jambo hilo ni dogo. Kwa kijana Mkristo aliyemaliza shule na hajui aelekee wapi si dogo hata kidogo. Akiambiwa kanisani kwamba wenye wito ni wale wanaoingia seminari, naye haendi seminari, ataamini kwamba Mungu hana neno naye juu ya kazi. Atatafuta riziki siku sita na kumtafuta Mungu siku ya saba.

Tuanze na umbo la neno. Wito, au mwito, hutokana na kitenzi ita, na ita ina pacha wake, itika. Kwa hiyo wito una pande mbili tangu mwanzo: yuko anayeita na yuko anayetarajiwa kuitika. Mtu hajiiti mwenyewe. Hapo ndipo wito unapoachana na ndoto, lengo au matamanio, ambayo mtu anaweza kuwa nayo peke yake chumbani. Wahenga nao waliweka mpaka mwingine wa maana: usikatae wito, kataa neno. Ukiitwa, nenda, ukifika, sikiliza unachoitiwa, kisha upime. Kuitika si kukubali kila kitu.

Katika Agano Jipya neno la Kigiriki ni klesis. Paulo hulitumia hasa kwa mwito wa kumwamini Kristo, ambao ni wa waumini wote. Lakini katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho analisogeza karibu na hali ya mtu duniani. Anawataja aliyetahiriwa na asiyetahiriwa, mtumwa na aliye huru, na kuwashauri waendelee kuishi mbele za Mungu katika hali waliyokuwa nayo walipoitwa. Ulaya ya Zama za Kati ililibana neno hilo: mwenye wito akawa mtawa. Martin Luther, mtawa aliyeacha utawa, alipoitafsiri Biblia kwa Kijerumani katika karne ya 16 alitumia neno Beruf, lenye kitenzi cha kuita ndani yake, hata kwa kazi ya kawaida ya mtu. Max Weber aliliwekea neno hilo uzito mkubwa katika utafiti wake wa 1904 na 1905 juu ya Uprotestanti na ubepari. Siku hizi Mjerumani akijaza fomu huandika Beruf yake, fundi umeme au mhasibu, bila kumkumbuka aliyemwita. Neno lililobanwa hadi kubaki na watawa peke yao lilikuja kupanuliwa hadi mwitaji akapotea.

Kiswahili kinakabiliwa na hatari zote mbili. Miito ya parokiani ni finyu. Wito wa mtaani, kwa upande mwingine, umekuwa mpana mno, na zaidi ya hapo una hila. Kauli kwamba ualimu ni wito hutolewa mara nyingi pale mwalimu anapodai mshahara. Katikati ya mwaka 2022 walimu wa masomo ya sanaa nchini Uganda waligoma, baada ya serikali kupandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi huku wao wakiachwa karibu na milioni 1. Mwalimu wa historia wa Arua au Koboko hakuwa amepungukiwa na wito; alikuwa amepungukiwa na ujira. Wito haumwondolei mwajiri deni lake, na anayelitumia neno hili kuficha deni hilo anaiba kitu kitakatifu.

Ili istilahi isimame, lazima itengwe na jirani zake. Kazi ni shughuli yenyewe, iwe ya malipo au isiwe. Mama anayepalilia muhogo yuko kazini. Ajira ni mkataba: mwajiri, mwajiriwa, mshahara. Taaluma ni elimu na maadili ya kundi la wataalamu, kama wauguzi au wahandisi. Karama ni uwezo ambao Roho humpa mtu kwa faida ya wengine. Utume ni kutumwa, na huja baada ya kuitwa. Wito unaweza kupita katika yote hayo, lakini si mojawapo. Ndiyo maana mtu anaweza kufukuzwa ajira na wito wake ukabaki, au akapanda cheo katika taaluma na kugundua kwamba hakuna aliyemwita huko.

Mfano mzuri uko West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda lenye miji hiyo ya Arua na Koboko. Shirika la wamisionari la AIM (Africa Inland Mission) lilifika Arua mwaka 1918 na, kwa makubaliano na shirika la Kianglikana la CMS (Church Missionary Society), likafanya kazi ndani ya Kanisa la Kianglikana. Baadaye madaktari Ted na Peter Williams, ndugu wawili, walitumika katika hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua. Wakati huohuo Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji wa serikali, Kampala. Huyu alianza chuo huko Dublin akisomea uhandisi. Imani yake ilipoamka akiwa bado mwanafunzi, aliamini kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari, akahamia huko. Alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni, na ombi lake la kwanza la kufanya kazi makoloni lilikataliwa kwa sababu hiyo.

Mwaka 1958 Burkitt aliandika juu ya uvimbe wa taya, aina ya saratani, uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Oktoba 1961 yeye, Ted Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford na kusafiri wiki kumi, maili 10,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali kama ugonjwa huo uko. Williams alikuwa pia na ujuzi wa umakanika, na kwenye barabara zile ujuzi huo haukuwa wa ziada. Waligundua kwamba ugonjwa unafuata ukanda wa joto na mvua, ule ule wa malaria. Kuluva waliendelea kuandika kwa uangalifu kila mtoto, nyumbani kwao na tarehe alipougua, na rekodi hizo zilitoa utafiti uliochapishwa mwaka 1967. Kati ya 1972 na 1974 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, ili kupima uhusiano wa saratani hiyo na kirusi cha Epstein-Barr.

Hapa wito ulikuwa wapi? Jibu rahisi ni kwamba ulikuwa katika umisionari. Lakini Burkitt hakuwa mmisionari kwa ajira, alikuwa mtumishi wa serikali. Na sehemu kubwa ya utumishi huo ilikuwa rekodi zilizoandikwa vizuri na gari lililotengenezwa njiani. Aliyewaita aliwaita kwenye mambo hayo pia.

Sasa turudi kwa kijana wetu, tuseme ni wa Lurujo, hukohuko West Nile. Anaweza kusoma Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013. Anaweza pia kujifunza kutengeneza pikipiki, au kufanya biashara ya mpakani, kwa kuwa Kongo na Sudan Kusini ziko jirani. Kila njia anaweza kuihoji kwa methali ile ya wito na neno. Kwanza aitike: aulize ni nani wana shida inayomgusa kila siku, kwa maana Mungu huita mara nyingi kwa sauti ya mwenye kuhitaji. Kisha apime neno. Arua iliwahi kuwa na vijana waliojulikana kama OPEC Boys, waliouza mafuta ya magendo kutoka Kongo kwa vidumu. Wengi walitoka katika familia zilizorudi kutoka uhamishoni baada ya vita vilivyofuata kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, mji ukiwa na uhaba wa mafuta na wa ajira pia. Shida waliyoitikia ilikuwa ya kweli. Njia ndiyo iliyostahili kuhojiwa. Mwisho awaulize wengine, wazee wa kanisa, wazazi, mwalimu wa fani ile, kama wanauona uwezo anaodhani anao. Anayejisikia ameitwa kwenye uimbaji huku kwaya nzima ikinyamaza anapaswa kusikiliza huo ukimya.

Pendekezo letu la matumizi, basi, ni hili. Wito peke yake ubaki mwito wa Mungu kwa kila aliyebatizwa. Tunapotaja upadre na utawa tuseme wito wa upadre, wito wa utawa. Vivyo hivyo tuseme wito wa uuguzi, wito wa uashi, wito wa ukulima, bila kuona haya. Ufundi stadi ubaki jina la mafunzo. Na pale panapojadiliwa mishahara, neno wito lisiingie kabisa.

Wakatoliki huombea miito kila Jumapili ya nne ya Pasaka, desturi iliyoanzishwa na Papa Paulo VI na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Hakuna kinachoizuia parokia, siku hiyo, baada ya kuwaombea waseminari, kuwaita mbele pia fundi wa visima, muuguzi wa zahanati na mwalimu wa hisabati, na kuwaombea kwa neno lilelile.