Tarehe ya Misimu ya Bukundi

Katika mkoa wa Simiyu mvua hupungua kadiri mtu anavyolipa Ziwa Victoria kisogo. Busega, iliyo kando ya ziwa, hunyeshewa vizuri. Bariadi si haba. Ukiingia wilaya ya Meatu na kuupita mji wa Mwanhuzi kuelekea bonde la mto Sibiti, huko iliko kata ya Bukundi, mvua ni ya kubahatisha. Pepo za mashariki zikitoka Bahari ya Hindi hupanda milima ya Ngorongoro na Mbulu, zikamwaga maji huko, kisha hushuka bonde la Eyasi zikiwa kavu. Hata kile kidogo kinachonyesha hakikai. Maji ya kaskazini mwa Meatu huingia mto Simiyu mpaka ziwani, na hatimaye Misri. Ya kusini hufuata Sibiti hadi Ziwa Eyasi lenye chumvi, yakakaushwa na jua papo hapo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa huugawa mwaka wa huku kwa vuli na masika. Kwa mkulima ni msimu mmoja uliovunjika katikati. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba. Kisha, Januari au Februari, mvua hukatika. Kipindi hicho ndicho kinachoamua mwaka: mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wiki chache za jua hutosha kuyaua, huku mtama na uwele vikijikunja na kungoja. Machi mvua ikirudi, udongo mweusi wa mbuga hunata hadi gurudumu la mkokoteni halizunguki tena, na maksai hulazimika kufunguliwa. Lakini mbuga hiyohiyo ina fadhila yake. Mvua zikielekea kwisha, dengu husiwa kwenye unyevu uliobaki chini, nazo hukomaa zikiwa zimepata mvua kidogo mno, wakati ardhi ya juu imeanza kupasuka nyufa za kuingia mkono.

Juni pamba iko mikononi, na Usukuma kote vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa juani viwe michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaushwe, huitwa matobolwa. Hicho ndicho chakula cha Septemba na Oktoba, miezi ambayo mito ni mchanga mtupu. Wanawake huchimba shimo mtoni, husubiri maji yajikusanye, huchota kwa kata, kisha husubiri tena. Ndoo moja huweza kula asubuhi nzima.

Misimu hiyo ina tarehe ndefu. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Malisho yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta ndorobo. Ndipo serikali ya Waingereza, kwa utafiti ulioongozwa na Charles Swynnerton huko Shinyanga, ikahimiza watu wafyeke pori kwa maelfu ya ekari. Kati ya mwaka 1947 na 1956 Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ukachimba malambo na kuwasogeza watu kwenye maeneo mapya, na pamba ikafuata nyuma yao. Ndorobo alirudi nyuma kweli, ila miti nayo ilikwenda. Mwaka 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko makubwa katika Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache.

Hasara ambayo mimi naiona kubwa kuliko ukame wowote ilikuja katikati ya miaka ya 1970. Wasukuma walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zisimame, kikafunguliwa kiangazi kinapokaza kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ngitili zilibaki bila mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huchungwa na kila mtu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Meatu ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mradi haukuleta mti wowote wa miujiza. Ulirudisha desturi, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakaota tena kutokana na visiki vilivyokuwa hai ardhini. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Baada ya HASHI kuanza zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, ukame wa 2005 na 2006, na vuli nzito ya 2019. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Daraja la Sibiti, lililojengwa katika miaka ya 2010, limewaondolea wasafiri wa Singida mashaka ya masika, mto ulipokuwa ukifunga njia. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kuvuta maji ya Ziwa Victoria hadi Simiyu, ila Meatu, yenye kiu kuliko wenzake, iliwekwa awamu ya pili.

Bomba likija, litamaliza foleni ya shimo la mtoni, halitaotesha nyasi. Kwa hiyo naziomba halmashauri za vijiji vya Bukundi: pimeni ngitili zenu, ziandikeni katika mpango wa matumizi ya ardhi na kuzitungia sheria ndogo, kabla mashamba mapya ya pamba hayajazimaliza. Na wenye kupanga awamu za maji, ianzeni ya Meatu.