Ertsberg: Historia ya Mlima wa Shaba na Dhana ya Ugunduzi, 1936–1988

Makala haya yanachunguza historia ya Ertsberg, mlima wa shaba uliokuwa katika nyanda za juu za Papua. Hoja kuu ni kwamba jiolojia ilieleza barabara jinsi madini yake yalivyotokea, lakini haikuweza kuamua nani alikuwa na haki ya kuyatoa.

Ertsberg ulikuwa amana ya aina ya skarni. Takribani miaka milioni 3 iliyopita, magma ilipenya tabaka za mawe ya chokaa. Vimiminika vya moto vilivyotokana nayo viligeuza chokaa kuwa mwamba mzito wenye magnetiti kwa wingi, vikaacha humo shaba pamoja na dhahabu kidogo. Baadaye mito ya barafu ilikwangua chokaa iliyouzunguka. Mwamba mgumu ukabaki umesimama peke yake, mweusi, kwenye kimo cha zaidi ya meta 3,500.

Mwaka 1936 Jean Jacques Dozy, mwanajiolojia Mholanzi aliyekuwa katika msafara wa kupanda milima ya Carstensz, aliuona mwamba huo akauita Ertsberg, yaani mlima wa mbale. Taarifa yake ilichapishwa Leiden mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ikazuka, nayo ikasahaulika. Mwaka 1960 Forbes Wilson wa kampuni ya Kimarekani ya Freeport aliufikia mlima kwa kuifuata taarifa hiyo. Uchunguzi uliofuata ulikadiria tani zipatazo milioni 33 za mbale, zenye wastani wa shaba wa asilimia 2.5.

Hata hivyo, mlima haukuwa mgeni kwa Waamungme, wenyeji wa mabonde hayo. Kwao, milima ile ni mwili wa mama, wala si ghala la mali. Freeport ilitia saini mkataba na serikali ya Indonesia mwezi Aprili 1967. Kura iliyotumika kuhalalisha mamlaka ya Indonesia juu ya Papua ilifanyika mwaka 1969, nayo ilipigwa na wajumbe wateule wapatao elfu moja tu. Kwa hiyo madini yaligawiwa kabla hatima ya nchi yenyewe haijaamuliwa, na Waamungme hawakushirikishwa.

Shaba ya kwanza ilisafirishwa mwishoni mwa mwaka 1972. Makubaliano na Waamungme yalifikiwa Januari 1974, uchimbaji ukiwa umekwisha kuanza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mlima ulikuwa umechimbwa wote, ukabaki shimo. Mwaka 1988 hazina kubwa zaidi ya shaba na dhahabu ilithibitishwa karibu yake, katika mlima Grasberg.

Kwa kuhitimisha, neno “kugundua” linahitaji uangalifu katika historia ya migodi. Dozy alitambua mbale. Mlima ulikuwa umejulikana tayari. Mwanahistoria anayeanza na taarifa ya mwaka 1936 huwaacha nje watu wale wale ambao mkataba wa mwaka 1967 uliwaacha.