Walowezi wa Mirihi na Bonde la Ufa

Wapo wahakiki wanaozihesabu hadithi za kisayansi kuwa porojo za watoto. Sikubaliani nao, hasa nikimfikiria msomaji aliyelelewa Nakuru. Katika riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds (1898), viumbe wa Mirihi wanaivamia Uingereza. Naye mwandishi, tangu kurasa za mwanzo, anawakumbusha wenzake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji wa Ulaya. Miaka miwili baadaye reli ilifika Nakuru. Mwaka 1903 Lord Delamere alikodishwa ekari 100,000 huko Njoro. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai Bondeni, wengi wakapelekwa Laikipia. Ule wa 1911 ukawaondoa Laikipia nako.

Wageni walidai kwamba nchi ilikuwa tupu. Utupu huo ulikuwa na sababu zake: katika miaka ya 1890 sotoka iliwafyeka ng'ombe, na ndui ikawafyeka watu. Ray Bradbury, katika The Martian Chronicles (1950), anawamaliza wenyeji wa Mirihi kwa tetekuwanga iliyoletwa na wageni. Kwa Wells mambo ni kinyume: wavamizi ndio wanaouawa na vijidudu. Njoro nayo haikuwa nyepesi. Kondoo wa Delamere walidhoofika na kufa kwa kuwa malisho yalikosa madini. Hata maradhi ya mifugo yatokanayo na upungufu wa kobalti yalikuja kupewa na wataalamu jina la Nakuru.

Kiswahili sanifu huwaita watu hao walowezi, kutokana na kitenzi lowea, yaani kukaa ugenini hata mtu akapazoea. Kwa maoni yangu neno hili ni la upole kupita kiasi. Wafanyakazi wa mashambani walisema masetla, na mkopo huo umehifadhi ukali wake.

Hata hivyo, msomaji wetu huziingia hadithi hizi kwa milango miwili. Huenda babu yake alifukuzwa, na huenda yeye mwenyewe analima kipande cha shamba lililogawanywa baada ya 1963, mahali ambapo wazee wa jamii nyingine walichunga. Ndiyo maana nampendekeza Katama Mkangi. Katika Walenisi (1995), Dzombo anarushwa angani ili afe, akatua kwenye sayari ngeni. Hatafuti shamba la kupima. Anauliza na kujifunza. Jina la sayari hiyo, likitenganishwa, ni wale ni sisi.