Kutoka Msafiri hadi Mkiwa: Historia ya Mwanafunzi Anayestahili

Katika Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumtegemea. Katika ramani, Mkiwa ni kijiji cha mkoani Singida, kwenye barabara ya Manyoni kwenda Singida, pale inapochepuka njia ya Itigi. Sidai kwamba jina la kijiji lina maana hiyo. Wanyaturu wana lugha yao. Lakini siku nilipokaa huko na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, tukijaza maombi ya mkopo wa chuo, neno hilo lilinikaa kichwani. Kila swali lilikuwa kama linauliza: wewe ni mkiwa kiasi gani?

Sisi tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Fomu tunaijaza tu, basi. Kumbe fomu nayo ina mhusika wake mkuu, na mhusika huyo ana historia.

Chuo Kikuu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15 wa sheria. Mhusika wa miaka ile alikuwa msafiri. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Kwa mtu wa Singida, anayejua mvua inapokataa uwele unavyokuwa, mfano huo si wa vitabuni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, ugomvi ule ulikuwa wa deni: msafiri anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijibu kwa namna yake. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kufanya kazi kwanza, kisha apendekezwe na mwajiri na chama. Kustahili kukawa ni kazi na tabia. Umaskini wa baba halikuwa swali kuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na hapo msafiri akaanza kutoweka jukwaani. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Mhusika mpya ni mhitaji, na uhitaji wake sharti uthibitishwe. Yatima aonyeshe cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Mwenye ulemavu awe na uthibitisho wa mganga. Aliyetoka kaya inayosaidiwa na TASAF aonyeshe hivyo.

Sina ugomvi na vyeti. Fedha hazitoshi kila mtu, na kumpa mtoto wa tajiri huku yatima akirudi nyumbani ni dhuluma. Ugomvi wangu ni na picha ya mhusika. Baba mdogo yu hai. Analima alizeti: mwaka huu anapata magunia, mwaka ujao hata mbegu hairudi. Umaskini wa namna hiyo hauna cheti. Tulipofika sehemu ya wazazi, mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, sasa baba kuwa hai ndo kosa?" Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana mzee alikuwa hapo nje na alisikia. Akasema, "Andikeni kweli tu. Mimi nalima."

Kitu kimoja cha zamani kimebaki: muhuri wa serikali ya kijiji. Lakini tuangalie nafasi yake. Katika mfano wa Mwalimu, kijiji kilikuwa mdai. Katika fomu, kijiji ni shahidi tu. Kinathibitisha kwamba mtoto ni wake, kisha kinaondoka. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara kama mzigo wa mtu mmoja.

Hata hivyo, fedha hiyo ikirejeshwa inamsomesha mwingine, na mwingine huyo anaweza kuwa wa Mkiwa. Yaani anayelipa ndiye yule msafiri anayerudi na chakula, ila hakuna aliyemwambia hivyo. Alipokelewa kama mkiwa, na mkiwa hadaiwi na ndugu, maana hana. Tusishangae basi akilipa kwa kununa.

Wahakiki wenzangu, tuisome upya fomu hii. Mkopo apewe mhitaji, hilo halina mjadala. Lakini aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba ametumwa. Kwenye kazi ya mzazi, sisi tuliandika: mkulima.